Siku Mtandao Unapokata: Daftari la Barabara ya Namanga

Daftari hili nimeliandika njiani, kutoka Sakina mjini Arusha, kupitia Ngaramtoni na Oldonyo Sambu, hadi Longido, Namanga na Kitengela ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya. Kila nilikosimama niliwatafuta wapangaji, wauza viwanja, mawakala wa fedha na wazee wa vijiji, nikawauliza swali moja: siku mtandao ukikata, unabaki na nini mkononi?

Swali hili limekwisha kuulizwa na matukio yenyewe. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania nzima, na haikuanza kurejea hadi tarehe 3 Novemba. Siku hizo ziliimeza tarehe mosi ya mwezi, wakati ambapo kodi nyingi za nyumba huwa zimeiva. Kila niliyezungumza naye upande wa Arusha anaikumbuka wiki hiyo, lakini anayeishi Sakina haikumbuki kama anavyoikumbuka mtu wa Oldonyo Sambu. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nilinganishe.

Sakina

Hapa nyumba hutafutwa kwa simu tangu mwanzo hadi mwisho. Dalali anatuma picha za vyumba kwa WhatsApp, anatuma alama ya ramani inayoonesha geti, anatuma nakala ya mkataba. Mpangaji anatuma kodi ya miezi sita kwa benki, na mwezi mmoja wa dalali kwa simu. Mtu anaweza kuhamia nyumba ambayo mwenye nayo hajawahi kumwona uso kwa uso.

Mpangaji mmoja, mhasibu, alikuwa anahama mwishoni mwa Oktoba 2025. Fedha alikuwa nazo, ila zilikuwa ndani ya programu ya benki isiyofunguka. Mkataba alikuwa nao, ila ulikuwa kwenye barua pepe. Vyombo vyake vilikuwa tayari vimefungwa, na mpangaji mpya wa chumba anachotoka alikuwa anasubiri. Kilichomwokoa ni kwamba mama mwenye nyumba mpya alikuwa mtu aliyewahi kukutana naye, akamkubalia kwa sauti ya simu ya kawaida: "Ingia mwanangu, hela utanipa mambo yakitulia." Aliniambia kuwa tangu hapo mkataba wake umechapishwa na kuwekwa bahasha moja na cheti cha kuzaliwa, na kodi ya mwezi mmoja huiweka mahali ambapo haihitaji intaneti kuitoa.

Tukazungumzia umeme pia, maana LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, nayo ni huduma ya mtandao. Mwezi Mei 2021 mfumo wa LUKU ulikwama kwa siku kadhaa nchini, watu wakashindwa kununua umeme hata wakiwa na fedha, na Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, akaagiza watendaji wa TEHAMA wa TANESCO wasimamishwe kazi. Mwaka 2024 kukaja jambo jingine: mita za tokeni za aina inayotumiwa na LUKU, duniani kote, zilipaswa kubadilishiwa mfumo kabla ya tarehe 24 Novemba, na mteja alipewa makundi mawili ya tarakimu ishirini ishirini ya kuingiza kabla ya tokeni yake ya kawaida. Nyumba iliyokaa bila mtu wakati wa zoezi hilo inaweza kuwa na mita inayokataa tokeni hadi leo.

Kuna pia deni lisiloonekana ukutani. Kodi ya majengo hukatwa kwenye manunuzi ya LUKU tangu Agosti 2021. Kiwango cha nyumba ya kawaida kilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500. Nyumba isiponunuliwa umeme miezi kadhaa, kodi hujilimbikiza, na anayenunua kwanza ndiye anayekatwa yote. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji aliyeikuta ana haki ya kuomba ipunguzwe kwenye pango lake, na ni rahisi zaidi kuiomba kabla ya kusaini kuliko baada.

Kwa hiyo nimeandika kwa Sakina: kabla ya kulipa, nunua umeme kidogo kwa mita ya nyumba hiyo, ingiza tokeni kwa mkono wako, angalia kama imekubali na angalia kilichokatwa. Ni jaribio la dakika chache, nalo hujibu maswali ambayo dalali hataki kuulizwa.

Ngaramtoni

Wakala wa fedha ndiye anayeujua mtandao kuliko mtu yeyote mtaani, kwa sababu ukikata yeye ndiye anayeangaliwa usoni na foleni nzima. Wa Ngaramtoni, kijana mwenye kibanda karibu na stendi, alinipa somo lililonisaidia safari yote. Alisema watu husema "hamna mtandao" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, kumbe ni magonjwa matatu, na kila mmoja una dawa yake.

Ugonjwa wa kwanza ni intaneti kukatika. Hapo WhatsApp, programu za benki na barua pepe hulala. Lakini simu ya sauti, ujumbe mfupi na menyu ya nyota na reli havitumii bando, hupita ndani ya mtandao wa simu wenyewe, kwa hiyo mara nyingi huendelea. Kitochi cha bei ndogo kinaweza kutuma kodi wakati simu janja imekuwa kioo kitupu. Hata hivyo si kinga kamili. Uganda ilipozima intaneti kuanzia tarehe 13 hadi 18 Januari 2021, wakati wa uchaguzi, huduma za fedha za simu nazo zilivurugika.

Wa pili ni mfumo wa ofisi fulani kuanguka huku mtandao ukiwa mzima. Simu inapiga, picha zinakuja, ila LUKU haitoi tokeni, au namba ya malipo ya serikali haitoki, au benki haionani na kampuni ya simu. Hapa kubadili laini hakusaidii. Kinachosaidia ni akiba: uniti za kutosha kwenye mita, na siku za kutosha kabla ya tarehe ya mwisho.

Wa tatu ni umeme wenyewe. Mnara wa simu huishi kwa betri na jenereta pindi gridi inapozimika, na betri zikiisha mnara unakufa pamoja na sauti, ujumbe na nyota zake. Tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu ya Gridi ya Taifa iliitia giza sehemu kubwa ya nchi. Zanzibar wanajua zaidi: kuanzia tarehe 10 Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila umeme wa gridi baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme itokayo bara kupitia baharini. Dawa ya ugonjwa huu wa tatu ni fedha taslimu, sola na karatasi.

Nilimuuliza yeye anapanga nyumba ya namna gani. Akajibu bila kufikiri: "Ninayoweza kufika kwa mwenye nyumba kwa miguu."

Oldonyo Sambu

Barabara inapanda ikiacha mashamba ya Olmotonyi, Mlima Meru unabaki mkono wa kulia, na upepo unabadilika. Oldonyo Sambu ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, ardhi ya Waarusha na Wamaasai, mahindi na maharage upande wa mlima, malisho makavu upande wa Longido. Watu wa mjini wameanza kuja kutafuta viwanja na mashamba huku, kwa sababu mjini bei imewashinda. Vijana wa hapa walioko Dar es Salaam na Zanzibar kwenye kazi za ulinzi nao hutuma fedha kwa simu, na matokeo yake unayaona barabarani: mabati mapya yakimetameta katikati ya maboma.

Nilikuja nikidhani hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa mawasiliano yake ni dhaifu kuliko ya mjini. Karibu na lami simu inashika vizuri. Ukivuka kilima kimoja, alama zinapungua. Ukiingia ndani ya nyumba ya bati, zinaweza kwisha. Siku ya gulio wakala anaishiwa taslimu kabla ya saa nane mchana, na hata mtandao ukiwepo hakuna fedha ya kutoa. Anayetaka kununua shamba akafanyie kazi za mtandaoni huku, asimame katikati ya shamba lenyewe, si barabarani, akiwa na laini za kampuni zaidi ya moja, mchana na jioni, ajaribu kupiga na kutuma.

Lakini mzee mmoja, laigwanan (kiongozi wa kimila) wa siku nyingi, alinionesha upande mwingine. Tulikuwa tumesimama kwenye mpaka wa shamba, safu ya minyaa ikiteremka hadi korongoni. Nikamwamkia, nikamweleza ninachotafuta. Akasema: "Simu inakwambia bei, mwanangu. Mpaka utaambiwa na jirani."

Alimaanisha hivyo kwa sheria na kwa desturi. Sehemu kubwa ya ardhi ya huku ni ardhi ya kijiji, inayoongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji huisimamia, na haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Haki ya mwanakijiji huthibitishwa na Hati ya Hakimiliki ya Kimila, ambayo husajiliwa kijijini na wilayani, na mmiliki akabaki na yake. Kijiji kinatakiwa kuwa na masjala yake ya ardhi, yaani chumba chenye kabati, rejesta na ufunguo. Mkongo wa baharini ukikatika, kabati hilo linafunguka vilevile. Majirani wa pande nne wanaitwa kwa kutuma mtoto. Mtendaji wa kijiji anapatikana ofisini kwake au nyumbani kwake.

Na kuna jambo ambalo hakuna mfumo wa kompyuta utakaokuonesha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Karatasi inaweza kuwa na jina la baba peke yake, na mama wa boma akawa anayalima mahindi hayo miaka yote. Mama mmoja aliyenikaribisha chai alilisema bila kupaza sauti: "Wanunuzi wanakuja na simu zao, wanapiga picha shamba, hawaulizi nani analala hapa." Nikamwambia, "Yeyo," yaani mama kwa Kimaasai, "nitaliandika." Nimeliandika. Anayenunua bila kumuuliza yeyo ananunua kesi.

Nisieleweke vibaya kwamba kijiji kimeshinda mji. Karatasi ina maradhi yake. Rejesta moja iliyo katika kabati moja inaweza kuungua, kunyeshewa au kuchanwa ukurasa. Muhuri wa kijiji unaweza kughushiwa. Kiwanja kimoja kinaweza kuuzwa kwa watu wawili kwa sababu wa kwanza alishuhudiwa na majirani wa juu na wa pili na majirani wa chini. Dhidi ya udanganyifu wa namna hiyo, mfumo wa kidijitali ni msaada mkubwa, na ndiyo maana Wizara ya Ardhi imekuwa ikihamishia kumbukumbu zake kwenye mfumo wa e-Ardhi, na malipo ya serikali kwenye namba za malipo zinazoacha kumbukumbu. Nguvu ya hati ya kimila ni kwamba haikai mahali pamoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari moja halitoshi.

Namanga

Kupita Longido, barabara inashuka hadi mji ulioketi juu ya mpaka. Kituo cha pamoja cha forodha hapa kilizinduliwa tarehe 1 Desemba 2018 na marais wa wakati huo, John Magufuli na Uhuru Kenyatta. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao unaungana na Kenya hapa. Wafanyabiashara wa Namanga wana laini za nchi zote mbili mfukoni, wanapokea kodi za vyumba kwa shilingi za aina mbili, na wanajua jambo ambalo mtu wa Sakina amelijua juzi: mifumo miwili tofauti huanguka pamoja mara chache sana.

Mama mwenye vyumba vya kupangisha upande wa Tanzania alinieleza utaratibu wake. Kodi inaweza kuja kwa laini yoyote kati ya mbili, au taslimu, na kila malipo yanaandikwa kwenye daftari la kaunta lenye sahihi ya mpangaji na yake. Ujumbe wa simu hauhesabu kuwa risiti mpaka aone salio limepanda, kwa sababu ujumbe wa uongo huandikwa na yeyote. Wapangaji wake wana nakala ya ukurasa wao. Nilipomuuliza kama imewahi kumfaa, alifungua daftari penye Oktoba na Novemba 2025, akanionesha mistari iliyojaa bila kuruka hata mmoja.

Kitengela

Huku ni ghorofa juu ya ghorofa, na kila kitu ni tarehe tano. Kodi hulipwa kila mwezi kwa M-Pesa, kwa namba ya kampuni na namba ya chumba, na akichelewa mpangaji hutozwa faini. Stima ni tokeni. Maji hupandishwa na pampu ya umeme kutoka kisimani.

Tofauti na Arusha ni kubwa, na inahusu hatari yenyewe. Mpangaji wa Sakina anayelipa miezi sita hukutana na siku ya malipo mara mbili kwa mwaka, lakini kiasi kinachokuwa hewani mtandao ukikata ni kikubwa. Wa Kitengela hukutana nayo mara kumi na mbili, kwa kiasi kidogo. Wa kwanza anahitaji ulinzi wa fedha nyingi kwa siku moja: agawe malipo, atume kidogo kwanza, ahakikishe imefika, ndipo atume nyingine. Wa pili anahitaji mazoea: alipe tarehe mbili au tatu, asingoje tano.

Wakenya walipata somo lao tarehe 27 Julai 2023, pale eCitizen, lango la huduma za serikali zipatazo 5,000, iliposhambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, na waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, akathibitisha shambulio. Siku hizo watu walipata shida ya M-Pesa na ya tokeni za stima pia. Huo ulikuwa ugonjwa wa pili wa yule wakala wa Ngaramtoni, kwa ukubwa wa nchi. Mlinzi wa jengo moja alinieleza kwamba ghorofa iliyokuwa na uniti za akiba kwenye mita ya pampu ilipata maji, na ya jirani ikabeba madumu.

Kwa upande wa ardhi, Kenya ilitangulia kwa Ardhisasa, iliyozinduliwa tarehe 27 Aprili 2021 ikianzia Nairobi. Mawakili wengi waliisifu kwa kupunguza mafaili yanayopotea, na pia wakalalamika kuwa mfumo ukisimama, kazi yote ya kuuza, kununua na kuweka rehani husimama nao, kwa kuwa njia ya karatasi imefungwa. Hilo ndilo la kuangaliwa Tanzania inapojenga mfumo wake: mlango mpya ufunguliwe bila kuuziba wa zamani kwa saruji.

Kurudi Arusha

Nikiyaweka maeneo haya pamoja, naona kwamba mji una kasi na kijiji kina mashahidi, na kila mmoja anakosa alichonacho mwenzake. Sakina wanaweza kukamilisha mkataba kwa saa moja, kisha wakabaki bila ushahidi wowote siku intaneti ikizimwa. Oldonyo Sambu wanaweza kuthibitisha mpaka gizani, lakini hawawezi kumzuia mtu mwenye muhuri wa kughushi kuuza shamba hilohilo kwa mgeni aliyeko Dar es Salaam. Aliyekuwa salama zaidi katika safari hii yote ni mama wa Namanga, mwenye laini mbili na daftari moja, na hakusomea popote.

Ninalomwomba mpangaji ni sentensi moja ndani ya mkataba: "Huduma za benki au za fedha za simu zikisimama siku ya malipo, mpangaji atalipa ndani ya siku tatu baada ya huduma kurejea, bila faini." Mwenye nyumba mwema hataikataa, maana inamlinda yeye pia dhidi ya ugomvi. Chapisha mkataba, andika namba ya mita na kilichosomeka siku ya kuingia, andika namba ya simu ya mwenye nyumba kwenye karatasi, na ujue anapoishi.

Ninalomwomba mnunuzi ni uvumilivu. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi hakiupi nguvu mkataba wa kuuza ardhi usio wa maandishi, kwa hiyo maandishi si hiari. Upekuzi wa hati ufanyike kwenye ofisi ya ardhi. Kwenye ardhi ya kijiji, soma rejesta ya kijiji na ya wilaya, simama na majirani wa pande nne, na uzungumze na mke au mume wa muuzaji. Usipeleke fedha kabla hayo hayajakamilika.

Na ukiambiwa, "Mtandao uko chini leo, wewe lipa tu, uthibitisho utaupata kesho," jibu liwe moja, Sakina au Oldonyo Sambu, Namanga au Kitengela. Siku usiyoweza kuhakiki si siku ya kulipa. Kiwanja kitakuwepo kesho, na muuzaji wa kweli atakuwepo pia.